Mikarafuu kwenye mvua ya masika: nataka itoke kama mchoro, inatoka kijivu kitupu

Mwanashamba_Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mmeziona zile picha za nchi za baridi, miti imesimama na theluji inaanguka, utadhani mtu kazichora kwa brashi? Theluji hatuna, ila masika tunayo na mikarafuu tunayo. Nataka picha ya namna ile: shina jeusi, majani mazito, na mvua ionekane imechorwa mistari juu yake.

Ninachopata ni kijivu. Mvua inapiga mpaka watu chini ya bati hawasikilizani, lakini ukiitazama picha hamna hata tone. Ni kama lenzi imefutwa kwa tambara chafu. Kamera ni ya sensa ya APS-C, megapikseli 24, lenzi ni 18-55 na 55-250, stendi ipo. Nyingi nimezipiga kwa 18 mm, spidi ya shata 1/500, tundu la lenzi f/5.6, ISO (wepesi wa sensa kunasa mwanga) 1600, kamera nimeiinua kidogo ili kilele cha mti kiingie. Shamba liko Wete, Pemba, kwenye mteremko, chini yake bonde la mpunga, ng'ambo kuna kilima chengine cha mikarafuu na minazi.

Spidi gani nitumie? Fleshi inasaidia au inaharibu? Na kamera yenyewe nitaiokoa vipi na maji?

fundi_lenzi

Wa alaykum salaam. Kamera haina kosa. Umeichukulia mvua kama theluji, na hivyo ni vitu viwili mbalimbali.

Chembe ya theluji ni nyeupe, haioneshi kilicho nyuma yake, na inashuka kwa uvivu, kiasi cha mita moja kwa sekunde. Tone la mvua la milimita 2 linashuka kama mita 6.5 kwa sekunde, tena ni maji matupu, unaona ng'ambo yake. Piga hesabu: tone hilo linapita urefu wake wenyewe kwa sekunde 0.0003. Shata ikiwa wazi kwa 1/60, yaani sekunde 0.017, pale lilipopita tone limekaa asilimia 2 tu ya muda wote. Asilimia 98 iliyobaki sensa imeona mti. Chembe ya theluji ya sentimita 1 inakaa pahala pamoja zaidi ya nusu ya muda huo. Ndiyo maana mwenzio wa Ulaya anabonyeza tu na picha inajichora.

Basi mstari wa mvua ni kitu hafifu, na utauona ukiwa umelala juu ya kitu cheusi, si vyenginevyo. Tone ni kilenzi cha duara: linakusanya mwanga wa mbingu kutoka pande nyingi na kukuletea machoni. Kwa hiyo linang'aa kuliko shamba lililo nyuma yake, ila haliwezi kung'aa kuliko mbingu yenyewe. Ulipoinua kamera ukaingiza mbingu, mvua yote iliyo mbele ya mbingu umeifuta kwa mkono wako.

La pili ni lenzi. Kwa 18 mm, kwenye umbali wa mita 12, picha yako inabeba kimo cha mita 10. Tone la milimita 2 hapo halifiki hata pikseli moja. Kwa 100 mm umbali ule ule, picha inabeba kimo cha mita 1.8 na tone linapata pikseli nne na ushei. Yale matone makubwa ya masika ya milimita 4 yanapata karibu tisa. Hapo pana cha kuchora. Iache 18-55 nyumbani, tumia ile 55-250 baina ya 80 na 135.

Anza hivi: 100 mm, f/8, 1/60, ISO 400 au 800 kwa kadiri ya wingu. Fokasi iweke kwa mkono kwenye shina lililo mita 15. Kwa f/8 utapata uwazi kuanzia mita 12 hadi karibu 20, na ndani ya pande hilo ndimo mistari yako itakamoonekana. Kilima cha ng'ambo kitalainika chenyewe, kiache kilainike. Fokasi ya kujiendesha usiitegemee, itakamata matone ya karibu au itahangaika mbele na nyuma mpaka mvua ikatike.

Kuhusu spidi, kila uamuzi una bei yake. Kwa 1/500 tone linaacha alama ya sentimita 1.3, ni vinukta. Kwa 1/125 ni sentimita 5, vistari vifupi vikali. Kwa 1/60 ni sentimita 11, kwa 1/30 ni 22. Lakini kila unapourefusha mstari unaufifisha, kwa sababu mwanga ule ule wa tone unautandaza. Ukishuka chini ya 1/15 mistari inayeyukiana na unarudi kwenye ule ukungu unaoulalamikia. Na manyunyu usihangaike nayo, vitone vyake vya nusu milimita havitoi mistari kwa spidi yoyote. Subiri mvua ya matone mazito.

Jambo dogo la mwisho: kipima mwanga. Wa theluji huongeza +1 mpaka +1.7 ili weupe usitoke kijivu. Wewe umejaza picha kwa majani meusi, kamera itataka kuyapausha. Punguza −0.7.

Bi_Mwanamvua

Kaka, hapo ulipo hujui tu ulivyobahatika. Watu wa Unguja tunatafuta kilima kama hicho hatukipati.

Kilima cha ng'ambo ndiyo pazia lako. Simama juu kwenye mteremko, kamera iwe sawasawa au iiname kidogo, na mstari wa juu wa kilima uwe nje ya picha. Minazi ndiyo yenye hila: makuti yake yanapenda kuchungulia juu ya kilima, na kila kuti linalogusa mbingu linakutobolea tundu jeupe kwenye picha. Sogea mpaka yote yalale juu ya kijani.

Kina cha picha kinatoka kwenye tabaka. Mvua nzito inapausha vitu kwa umbali: mkarafuu wa mita 15 utakuwa mweusi, wa mita 60 kijani iliyochoka, ng'ambo ya bonde ni rangi ya majivu yenye ubuluu. Tafuta pahala ambapo miti ya umbali mbalimbali haikupandana. Ukiona shina la mbele limelala juu ya shina la nyuma, hatua mbili kushoto au kulia zinatosha kulitenganisha. Mchoro wa rangi za maji unajengwa hivyo hivyo, wa nyuma umepauka, wa mbele umekolea. (Michoro ya tingatinga ni kinyume chake, kila kitu kina mpaka wake mkali, kwa hiyo anayetaka tingatinga asisubiri mvua.)

Sasa upepo, ambao wengi wanausahau. Masika yakishapata kusi, mvua inatoka kusini mashariki. Mpe mgongo. Ukitazama kaskazini magharibi, lenzi inabaki kavu, mistari inashuka wima, na jua la alasiri liko mbele yako kidogo kushoto. Kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na moja na nusu jioni, wingu likichanika upande wa machweo huko magharibi na huku bado inanyesha, kila tone linawaka kwa nyuma. Dakika tano za namna hiyo zina thamani kuliko siku nzima ya kijivu. Wakati wa vuli upepo ukishageuka kaskazi, mpe mgongo kaskazini mashariki, na jua la jioni la mwezi wa Disemba limeshahamia kusini magharibi, kwa hiyo bado liko mbele yako. Mola katupangia.

Kwa walioko Unguja: miembe ya Bi Khole pale Bungi inafaa sana, kwa sababu matawi yanakutana juu na mwisho wa barabara unakuwa kama pango. Simama nje ya lami, madereva mvuani hawakuoni. Msitu wa Jozani ndani kwenye mitondoo kuna giza zuri ila mwanga ni haba, tegemea ISO 1600 mpaka 3200, na mvua inayofika chini ni matone machache makubwa yanayodondoka majanini, hayatoi pazia.

Kijana_Mkoani

Mimi naongeza njia ya kuidanganya ile asilimia 2 aliyoitaja fundi. Usitafute mvua yote kwenye picha moja. Weka stendi, piga picha 8 hadi 15 mfululizo kwa 1/60 bila kugusa chochote, kisha zipandishe leya juu ya leya (tabaka juu ya tabaka) kwenye programu ya kuhariri picha na uchague hali inayoitwa Lighten. Hiyo inachukua kwenye kila nukta ile picha iliyong'aa zaidi. Shina linabaki shina, mistari ya picha zote inajumlishana. GIMP inafanya kazi hiyo bure.

Ukitaka laini zaidi, zijumlishe kwa wastani. Inatoka kama hariri.

fundi_lenzi

Lighten sawa, wastani hapana. Wastani wa picha 15 za 1/60 ni sawa na kufungua shata robo sekunde, na hapo mistari imeshayeyuka. Mbaya zaidi ni ile hali ya kuchukua thamani ya katikati, ambayo watu huitumia kufuta watalii kwenye picha za Mji Mkongwe. Itaifuta mvua yote kwa sababu hiyo hiyo: kila nukta ina tone kwenye picha moja tu kati ya kumi na tano.

Na Lighten ina kasoro yake. Inakusanya pia chengachenga za ISO, kwa sababu chenga nyeupe nayo ni nukta iliyong'aa. Bakia ISO 400 au chini. Kwa stendi zima kitulizo cha lenzi, tumia kipima muda cha sekunde 2 au rimoti. Ardhi ya Pemba ikilowa miguu ya stendi inazama taratibu, nusu milimita kwa kila picha, na leya hazilingani tena. Weka kifuu cha nazi chini ya kila mguu, mdomo wake chini, ukandamize kabla ya kuanza.

zuhura.simu

Na sisi wa simu? Nimeweka hali ya kawaida, mvua haionekani kabisa, ila kwenye video ya simu hiyo hiyo inaonekana.

Kijana_Mkoani

Dada Zuhura, simu inakufanyia ile ile aliyoikataza fundi. Ukibonyeza mara moja, yenyewe inapiga picha kadhaa na kuziunganisha, na kitu kilichoonekana kwenye moja tu inakihesabu ni uchafu. Ingia hali ya Pro, zima HDR (ile ya kuunganisha picha za mwanga tofauti), zima hali ya usiku, weka spidi 1/60 na ISO ya chini iwezekanayo. Tumia lenzi ya kuvuta ya mara 2 au 3 kama simu inayo kweli. Kuvuta kwa vidole ni kukata picha tu. Kioo kikilowa kinajibonyeza chenyewe, kwa hiyo piga kwa kitufe cha sauti.

Au piga kupitia kioo cha gari iliyosimama. Maji yakitiririka kwenye kioo na fokasi ukaiweka kwenye miti ya nje, mashina yanapinda na kuyumba kama rangi mbichi. Kioo kikitengeneza matone badala ya utando, pitisha kitambaa chenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo upande wa nje, maji yatatanda. Kama umekipaka nta matone yatazidi kuviringika, na hiyo ni picha nyengine.

Kandili

Swali la kuokoa kamera halijajibiwa, na ndilo la pesa.

Maji yanayoua kamera nyingi huku kwetu si ya mvua, ni ya hewa. Siku za masika hewa inaanza kutoa umande kwenye nyuzi 24 au 25 hivi. Kamera iliyolala chumba cha AC cha nyuzi 20 ukiitoa nje inatoka jasho papo hapo, kioo cha mbele kwanza, kisha vya ndani ambavyo huwezi kuvifuta. Iache kwenye begi lililofungwa dakika 45 hadi saa nzima nje ya AC kabla ya kuifungua, au usiilaze kwenye AC kabisa. Wa nchi za theluji wana tatizo hilo hilo kinyume: wao kamera inatoka jasho wakirudi nyumbani.

Kwa mvua yenyewe, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, ila kofia ya kuogea ya mpira, ile wanayoiweka bafuni mahotelini, inafunika kamera na lenzi fupi barabara. Kwa 55-250 chukua kipande cha nailoni nzito, kizungushe, kifunge kwa mpira mbele ya ukingo wa lenzi na uache chini wazi, mkono upite na hewa ipite. Kifuniko cha jua cha lenzi kifungwe daima, ndicho kinachozuia tone la pembeni. Mwavuli nao mzuri, ila uwe na mtu wa kuushika. Ukiufunga kwenye stendi upepo unaigeuza stendi kuwa ngalawa.

Lenzi zisizofungwa mpira, kama hiyo ya kwako, zinavuta hewa zinaporefuka. Ukivuta kutoka 55 hadi 250 ukiwa umelowa, unanyonya maji ndani. Chagua urefu kabla, kisha usiguse. Ukimaliza, futa pipa la lenzi likiwa bado limerefushwa, ndipo ulirudishe. Ukiwa karibu na bahari futa kwanza kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu, chumvi ikikauka inakwaruza.

Kuhifadhi: chombo cha plastiki cha chakula chenye mpira kwenye mfuniko, vipakti vya silika ndani, na kipima unyevu kidogo. Kiwe baina ya asilimia 40 na 50. Kuvu ya lenzi inaanza kama utando wa buibui pembezoni mwa kioo na ikishakula ule mng'aro wa rangi haurudi. Mchele usitie, unatoa vumbi na hauvuti unyevu wa maana.

Na kitu kisicho na uhusiano na lenzi: usisimame chini ya mnazi wakati wa upepo, na ukisikia radi tu, funga stendi uondoke kilimani.

Mwanashamba_Wete

Shukran sana. Jana alasiri imenyesha. Mistari imetoka, tena kwenye giza la chini ya majani inaonekana moja moja! Vimebaki vitatu. Picha ya kuunganisha ina vivuli vya majani mara mbili mbili kwenye ncha za matawi. Kwenye nyengine mistari imelala sana, kama nyuzi 45. Na nilipojaribu fleshi nimepata mipira myeupe mikubwa, kama bulbu za harusi.

Bi_Mwanamvua

45 maana yake upepo unakimbia sawa na tone linavyoanguka, na wewe umesimama ubavuni mwake. Ama uupe mgongo kama nilivyosema, ama uikubali: mistari ya mshazari ikienda kinyume na mwinamo wa shina inapendeza kuliko wima. Ikienda sambamba na shina haisomeki.

Kijana_Mkoani

Vivuli vya majani: chagua picha moja ambayo upepo ulitulia, iweke leya ya chini. Leya iliyounganishwa iweke juu, halafu kwa barakoa (kifuniko cha leya) na brashi nyeusi laini ya asilimia 40 ifute kwenye ncha za matawi tu. Mvua ibaki mashinani na kwenye giza la kati, huko hakuna kinachotikisika. Majani machanga ya mkarafuu, yale mekundu, yaache kwenye leya ya chini kabisa; ndiyo nukta pekee ya rangi ya moto uliyonayo, yasichafuliwe.

fundi_lenzi

Mipira myeupe ni matone yaliyo nusu mita mbele ya lenzi, fleshi imeyakuta kabla ya kuufikia mti, na kwa kuwa yako nje ya fokasi yanatanuka kuwa duara. Wapiga picha wa theluji hufanya hivyo makusudi ili wapate chembe kubwa mbele, na theluji inawastahi. Maji hayastahi. Kama unayo fleshi inayotoka kwenye kamera na kuwashwa kwa mbali, ipeleke ubavuni mwa mti, mita 3 au 4 nyuma ya mvua unayotaka ionekane, ifunike kwa nailoni, nguvu 1/32, isielekee lenzi moja kwa moja. Itapiga matone kwa nyuma, lakini nayo itaongeza kinukta kikali juu ya kila mstari. Kwangu mimi hiyo inavunja mchoro. Jua la saa kumi na moja ni bora.

Kwenye kusafisha faili la RAW (picha ghafi ya kamera), mkono uwe mwepesi. Joto la rangi 5000 mpaka 5200. Ile alama ya wingu ya kamera, inayokwenda kwenye 6000, inayapiga majani umanjano. Shusha kitelezi cha ukali wa maumbo −15 hadi −25, weusi uinue kidogo tu, na kile cha kuondoa ukungu usikiguse, ukungu ndio tabaka zako. Kunoa kuwe kwa mashina ya mbele peke yake kwa barakoa.

Ukichapisha, karatasi isiyong'aa. A3 kwa nukta 300 inataka pikseli 4961 kwa 3508, na faili lako la megapikseli 24 linatosha bila kukuzwa. Mwambie mchapishaji asiwashe kunoa kwake. Mashine nyingi zinanoa bila kuuliza, na mstari wa mvua ulionolewa unageuka mkwaruzo.

Mwanashamba_Wete

Polaraiza (kichujio cha kukata mng'aro) je? Ninayo ya 58 mm, imekaa tu.

fundi_lenzi

Ivae. Inaondoa mng'aro wa maji juu ya majani, kijani inakolea na pazia linazidi kuwa jeusi. Inakula mwanga stopu moja na nusu (kila stopu inapunguza mwanga nusu), kwa hiyo ISO 400 itakuwa 1200 hivi, na kwa kuunganisha leya hiyo ni nyingi. Bora ufungue mpaka f/5.6 na ubakie ISO 640, imezidi ile 400 kidogo tu. Izungushe ukitazama majani, si mvua. Na ifute mbele na nyuma kabla ya kuifunga, baina yake na lenzi ndipo umande unapojificha.